Kifaa kilichovunjwa kwa hasira

Hapa Kamanyola hatuna uwanja wa gofu. Tuna mashamba ya mpunga, barabara ya Ngomo na mto Ruzizi. Lakini nikiandaa habari za michezo nilikutana na sheria moja ya gofu iliyonigusa.

Mchezaji hubeba fimbo zisizozidi 14 kwa mzunguko wa mashimo 18. Fimbo ikivunjika kwa bahati mbaya katikati ya mchezo, sheria za 2023 zinamruhusu kuchukua nyingine. Akiivunja mwenyewe kwa hasira, haruhusiwi kuibadilisha. Anaweza kuendelea nayo hivyo hivyo ilivyoharibika, hadi mwisho.

Mimi nilivunja yangu.

Baada ya vita kutufikia Februari 2025, mama mmoja muhami aliniomba nirekodi ujumbe kwa mume wake. Walipotezana siku ya kukimbia, na alisikia kwamba bwana alivuka Ruzizi kuelekea Burundi. Alitaja majina ya watoto, mmoja mmoja, na mahali wanapolala. Kabla hajamaliza, kinasa sauti kikazimika. Nilikuwa na njaa na uchovu. Nikakipiga mezani. Kioo kikapasuka, kifuniko cha betri kikaruka, na ujumbe wote ukapotea.

Mama hakunigombeza. Aliuliza tu: « Papa, nianze tena? »

Nikaona haya. Kinasa kingine hakikuwepo. Nilimwendea fundi wa baiskeli, akanikatia kipande cha mpira wa tairi, nikafunga nacho betri. Nikajaribu sauti mara tatu. Mama akaanza upya, safari hii kwa sauti ya chini, maana mtoto mdogo alikuwa amelala mgongoni. Jioni ujumbe ulipita hewani. Mpaka leo jibu halijatufikia, na mama bado anasikiliza kila jioni.

Kinasa kile ndicho ninachotumia hadi leo, na mpira wake. Sasa najaribu kifaa kabla mtu hajafungua kinywa, narekodi vipande vifupi, na nahifadhi kila kimoja.

Nanyi mnaosikiliza familia tatu kwa redio moja, ikikwama msiipige. Toeni betri, pangusen kutu kwenye vyuma kwa kitambaa kikavu, zirudisheni, mjaribu tena. Huenda jina linalosomwa saa hiyo ni la mtu wenu.