Rangi ya Pembeni mwa Picha

Nilipoanza kujifunza kuhariri picha kwenye studio moja ya Kariakoo, tulikuwa tunatumia kompyuta za chogo, na picha iliyofunguliwa ndani ya Photoshop ilizungukwa na eneo tupu la kijivu cheupecheupe. Hakuna aliyelizungumzia eneo lile. Tulihangaika na chunusi, kope zilizofumba na shela zilizokunjamana. Kijivu cha pembeni tulikiona kama rangi ya ukuta wa ofisi: kimekuja na jengo, kinakuhusu nini?

Mzee aliyekuwa na studio ndiye pekee aliyekishughulikia. Alitokea chumba cha giza, enzi za kusafisha picha kwa dawa, na alijua kwamba picha ikikauka huwa nzito kidogo kuliko ilivyoonekana ikiwa bado imelowa. Kabla ya kupeleka faili za albamu kuchapwa, alichagua rangi nyeupe, akachukua kifaa cha ndoo ya rangi, akashikilia kitufe cha Shift na kubofya nje ya picha. Pembeni pote pakawa peupe. Wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kubadili rangi ya eneo la kazi, na kwa kuwa haikuwa kwenye menyu, wengi waliigundua kwa bahati mbaya, kisha wakakosa namna ya kurudisha kijivu chao.

“Albamu ina kurasa nyeupe, mwanangu,” aliniambia. “Itazame huku huku itakakokaa.” Akikuta uso wa bibi harusi umezama kwenye weupe ule, anaunyanyua kidogo, ndipo anahifadhi faili. Mimi niliyaona hayo kuwa mazoea ya kizee.

Kisha giza likaanza kuingia. Mwaka 2007 ilitoka Lightroom, ikiwa na paneli za kijivu kilichokolea na kitufe cha L kinachozima kila kitu kikabaki picha peke yake. Mwaka 2012 Photoshop CS6 nayo ikaja imevaa nguo nyeusi. Ilikuwa na ngazi nne za mwonekano, kutoka kijivu cheupe hadi karibu na weusi, na ukitaka rangi nyingine pembeni mwa picha ulibofya tu kitufe cha kulia cha mausi ukachagua. Ndoo ya rangi ikapumzika. Wakongwe walinung'unika, sisi vijana tulishangilia. Macho hayakuchoka sana usiku, na picha zilionekana zinawaka. Ngozi nyeusi, ambayo kwenye kijivu cheupe ilihitaji kazi, sasa ilitoka na mng'ao wake bila kuguswa.

Kuguswa ilihitaji, ila skrini haikutuonyesha. Mafundi wa uchapaji walianza kulalamika kwamba kazi za studio nyingi mjini zinakuja na giza. Mashavu yalikuwa mazito, suti za bwana harusi hazina mikunjo. Lawama ya kwanza ilikwenda kwenye skrini mpya bapa zilizokuwa na mwanga mkali kupita kiasi, na kweli zilikuwa na sehemu yake. Sehemu nyingine ilikuwa ule weusi wa pembeni.

Jicho halipimi mwanga wa kitu peke yake, linalinganisha na jirani yake. Picha ikizungukwa na weusi, sehemu zake zenye kivuli huonekana zimepata mwanga, na tofauti kati ya kiza na nuru hupungua. Mhariri anayetazama hivyo huongeza ukali na kushusha mwanga mpaka aridhike. Picha hiyo hiyo ikilala kwenye karatasi nyeupe, kila alichoongeza kinajitokeza. Bartleson na Breneman, watafiti wa Kodak, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1967, na filamu za slaidi zilitengenezwa na ukali wa ziada kwa sababu zilikusudiwa kutazamwa kwenye chumba chenye giza.

Kabla yao yupo mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwandani hazina weusi wa kutosha. Alizilinganisha na nyuzi za viwanda vingine akakuta rangi haina kasoro, ila nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando yake ndizo zilizoudhoofisha weusi ule. Kitabu chake kuhusu sheria hiyo ya rangi kuathiriwa na jirani yake kilitoka mwaka 1839. Yale mazoea niliyoyaita ya kizee yalikuwa na umri mkubwa kuliko kamera nyingi za makumbusho.

Siku hizi kazi ya kusahihisha rangi naifanya juu ya kijivu cha wastani, kisichoegemea wekundu wala ubluu, kwa sababu pembeni penye rangi huisukuma ngozi upande wa pili. Weka bluu pembeni, uso utaonekana wa manjano, nawe utaanza kutibu ugonjwa ambao haupo. Albamu naikagua juu ya weupe. Picha za kurushwa ukutani kwa projekta ukumbini nazikagua juu ya weusi.

Kigumu ni simu. Tangu Android 10 na iOS 13 zilete mwonekano wa giza kwa mfumo mzima mwaka 2019, picha ile ile ya harusi inaonekana juu ya weupe kwa shangazi na juu ya weusi kwa mpwa wake, wamekaa kochi moja. Pembeni sipachagui tena mimi. Ninachoweza ni kuipitisha picha kwenye rangi zote mbili na kutafuta mwanga unaovumilika kote, ingawa haitang'aa popote kama ambavyo ingeng'aa mahali pamoja. Ndiyo maana mteja akiketi, kabla ya kumuuliza anataka picha ngapi au za ukubwa gani, namuuliza zitatazamwa wapi.