Uyole, Nani Apite Kwanza?

Akina mama wenzangu, kama umewahi kusafiri kutoka Mbeya kwenda Tukuyu au Kyela, basi Uyole unaifahamu. Ni kilomita kama 10 kutoka mjini, mahali ambapo barabara ya Tukuyu inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam. Juni moja nilikaa hapo kwa muda wa saa mbili nikiwasubiri wenzangu wa kikundi cha akina mama wa usharika. Tulikuwa tunakwenda Tukuyu kumpa pole mwenzetu aliyefiwa. Baridi ya Uyole mnaijua. Nilijifunika kitenge, nikanunua viazi vya kuchemsha, nikawa natazama magari.

Mimi ni muuguzi, na majeruhi wa barabarani nimewapokea wengi. Lakini sikuwahi kutulia na kuangalia jinsi njia panda inavyowapanga watu.

Gari litokalo Dar kwenda Tukuyu linakata kushoto tu, halimsumbui mtu. Litokalo Tukuyu kwenda mjini, vivyo hivyo. Kazi inampata anayetoka mjini kwenda Tukuyu. Kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kushoto, ni lazima akate kulia, mbele ya malori yanayokuja kutoka Makambako. Lori la ndizi litokalo Tukuyu kwenda Dar ndilo lenye taabu zaidi, maana linavuka mkondo mmoja wa magari na kujiunga na mwingine.

Wahandisi huhesabu sehemu ambazo njia za magari zinaweza kugongana. Njia panda ya namna ya Uyole ina 9. Barabara mbili zikikatana zinakuwa 32! Weka kipilefti hapo na zinabaki 8, kwa sababu wote wanazunguka upande mmoja na anayeingia humsubiri aliyemo ndani. Waingereza waliifanya kuwa sheria mwaka 1966. Mataa nayo hugawa zamu kwa dakika. Na pale ambapo zamu hazitoshi hujengwa madaraja, kama lile la Mfugale pale TAZARA, Dar es Salaam, lililofunguliwa 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo la 2021, lenye ngazi tatu. Ni kama nyumba ya ghorofa, kila familia na sakafu yake.

Lakini hesabu zote hizo ni za magari. Mama mwenye mtoto mkononi hayumo.

Nikiwa ninamenya kiazi, nilimwona mama kijana mwenye ndoo ya parachichi kichwani, na mtoto wa kike wa miaka kama sita. Walisimama mdomoni kabisa mwa barabara ya Tukuyu. Haisi iliyotoka mjini ilikuwa ikingoja kukata kulia. Dereva macho yote yalikuwa kwa malori. Alipopata nafasi alichomoka kwa kasi, na hapo ndipo alipotazama kule anakoingia. Breki zililia. Mama alimvuta mtoto, ndoo ikaanguka, parachichi zikatapakaa.

Nilikimbia. Namshukuru Mungu, mtoto alikuwa amechubuka goti tu. Nililiosha kwa maji ya chupa, mikono yangu ikitetemeka kuliko yake.

"Kwa nini ulivukia hapa, mdogo wangu?"

"Hapa ndipo magari yanapopunguza mwendo, mama."

Hakukosea. Yanapunguza, ila anayekata kona anatazama kwingine. Nilimwonyesha arudi hatua kadhaa ndani ya barabara ya Tukuyu, ambako magari huja kutoka pande mbili tu na dereva ameshanyoosha usukani. Nikamwambia pia asisimame ukingoni mwa kona lori lenye tela linapokata, kwa kuwa magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi ya yale ya mbele. Miguu niliyoiona wodini imenifundisha hilo.

Barabara hii haikupangwa kwa ajili ya ndoo za parachichi. Rodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufikia bahari, na malori yakaanza kupita huku kwenye matope hadi lami ilipokamilika miaka ya 1970. Iringa walibahatika: mji uko juu mlimani, barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Kwetu inapita katikati, Mwanjelwa na Mafiati. Kazi ya kuipanua iwe njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, nayo ilianza. Nafurahi kwa ajili ya magari ya wagonjwa. Ila njia nne ni hatua nyingi kwa mtoto wa miaka sita, na mimi nitatazama kwanza kama katikati kuna mahali pa kusimama.

Wenzangu walifika na kosta, nikapanda. Pale kwenye kona dereva akasimama kungoja. Abiria wa nyuma wakapiga kelele, "Ingia, dereva!" Nikamwambia, "Ngoja, mwanangu." Yalipita malori manne, ndipo tukaingia barabara ya Tukuyu.