Chupa Nne Juu ya Injini

Mume wangu alipofariki alituachia kipanya kimoja cha dizeli na mkopo wa kikundi cha VICOBA ambao ulikuwa haujalipwa hata nusu. Kipanya kilikuwa kinapiga ruti ya Mbeya–Tukuyu, na kwa hicho watoto walikula na kusoma. Ushuhuda huu nautoa kwa yeyote anayelea familia kwa gari moja, hasa wajane wenzangu.

Ugonjwa ulianza kwa nguvu kupungua. Ukitoka Uyole barabara inapanda, na gari lililokuwa likipanda limejaa likaanza kujikokota, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Kisha likaja jambo lililonitoa machozi. Likifika Tukuyu likazimwa ili lipakie, haliwaki tena. Starta inazunguka, injini haishiki. Likiachwa likapoa, linawaka vizuri kabisa. Lakini hapo abiria wameshahamia gari lingine, hesabu ya siku imepotea, na kikundi kinasubiri rejesho.

Fundi mmoja alisema betri, ikabadilishwa. Mwingine akasema starta, ikafungwa nyingine. Wa tatu akataka pampu mpya na nozeli zote nne, kwa bei ambayo ningeipata kwa kuuza kiwanja tu. Shemeji yangu akasema gari limelogwa. Usiku ule nilipiga magoti nikamwomba Mungu anionyeshe mtu mmoja mkweli.

Aliyempata ni dereva wetu, kijana aliyeanza kama konda wa marehemu. Alimleta mzee mstaafu aliyemaliza ujana wake kwenye pampu za dizeli. Mzee hakushika spana kwanza. Aliuliza, “Mama, linagoma likiwa baridi au likiwa na moto?” Hakuna fundi aliyekuwa ameuliza hivyo, na jibu lake ndilo lilibeba ugonjwa wote.

Alinieleza taratibu. Katika injini hizi za komoni reli, pampu husukuma dizeli kwenye bomba nene liitwalo reli, na nozeli zote huchota humo. Wakati wa kuwasha, kompyuta haifungui nozeli mpaka presha ya reli ifike kiwango chake, kama bar 200 hivi. Nozeli iliyolika ndani huvujisha dizeli kwenye njia ya kurudi tenki, presha haijengeki. Na dizeli ikipata moto huwa nyepesi, inapenya palipolika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo gari linawaka asubuhi kwenye baridi ya Mbeya na kugoma Tukuyu baada ya kupanda mlima.

Kisha akapima. Alifungua njia ya kurudishia dizeli kwenye kila nozeli, akaunga mipira myembamba, na kila mpira akauingiza kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Chupa nne zikapangwa juu ya injini, injini ikaachwa iungurume mpaka ipate moto. Nilisimama nikizitazama. Ya kwanza na ya pili zilipanda polepole, sawasawa. Ya nne ilizitangulia kidogo. Ya tatu ilikaribia kujaa wakati zile nyingine hazijafika hata nusu. Nililia pale pale gereji, kwa shukrani. Vifaa vya kipimo kile havizidi bei ya chakula cha mchana.

Nawasihi vijana wa gereji jambo moja. Mafundi wa zamani walizoea kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma, wasikie ni silinda gani inamisi. Kwenye komoni reli msifanye hivyo kamwe. Reli hizi hufika zaidi ya bar 1,000, na uzi mwembamba wa dizeli kwa presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Mtu anaweza kukatwa mkono.

Nozeli ya tatu ilipofunguliwa, vali yake ilikuwa imeliwa na kutu. Mzee alimimina dizeli ya chini ya filta kwenye chupa ya kioo, akaiacha itulie. Maji yakajitenga chini. Mwaka 2010 EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta kupambana na uchakachuaji, na nawashukuru, lakini vinasaba haviondoi maji. Maji huingia kwa madumu, kwa mifuniko mibovu, hata kwa unyevu wa usiku tenki likilala tupu. Tenki likashushwa likaoshwa, filta ikabadilishwa. Nozeli nyingine ikafungwa mahali pa ile iliyolika, na washa mpya ya shaba, maana washa iliyokwisha kubanwa haizibi tena ipasavyo, na gesi ya moto hupenya. Mwisho namba za usahihi zilizochapwa juu ya nozeli zikaingizwa kwenye kompyuta, ili ipime dizeli ya silinda ile kulingana na nozeli yenyewe.

Siku iliyofuata gari lilipanda mlima likafika Tukuyu, likazimwa, likapakia, likawaka. Dereva alinipigia simu, hakusema kitu; alinisikilizisha injini tu. Mungu ni mwema.

Mkopo wa kikundi umeisha. Dereva humwaga maji ya filta kila wiki na tenki hulala limejaa. Nozeli ya nne, ile iliyotangulia kidogo, mzee amesema itadumu kwa muda lakini si sana, kwa hiyo kila jioni natenga fungu lake kabla ya kugusa pesa nyingine.