Kurithi Misiba

Kila Desemba hapa Richardson, Texas, nina wafu watatu wa kukumbuka, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumpa mkono. Tarehe 5 ni ya Don Meredith, kotabeki aliyeibeba timu ya mpira wa Kimarekani ya Dallas Cowboys miaka ya sitini. Tarehe 8 ni ya Dimebag Darrell, mpiga gitaa wa Pantera. Tarehe 13 ni ya mwanamuziki Remmy Ongala, na huyo ni wangu kabisa, nimekuja naye kutoka Dar. Wale wawili nimerithishwa na jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa mzee wa Kitexas, mhandisi wa mitambo ya simu tangu enzi ambazo makampuni ya mawasiliano yalijaa kandokando ya Central Expressway. Biashara hiyo ilipoporomoka mwaka 2001 alipoteza kazi pamoja na maelfu ya wenzake, akahamia kwenye vyumba vya kupanga, ambako baadaye mimi, mbeba maboksi wa zamu ya usiku, nilikuja kupakana naye ukuta kwa ukuta. Alikuwa na mazungumzo matatu tu: hevi metali, siasa za jimbo na makotabeki. Ukimuuliza habari za marehemu mkewe, atakujibu kwa Meredith.

Kotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulio linapoanza. Timu ikifungwa, kafungwa yeye. Januari mosi 1967, mjini Dallas kwenyewe, Meredith alibakiza hatua chache kuwafikia wapinzani wao, timu ya Green Bay, akarusha mpira wa mwisho ukadakwa na adui: 34 kwa 27. Mwaka huohuo, tarehe 31 Desemba, wakarudiana huko Green Bay kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, wakafungwa tena, 21 kwa 17, zikiwa zimebaki sekunde. Akastaafu 1969 akiwa na miaka 31 tu. Akaenda kutangaza mpira kwenye televisheni, na mechi ikishaamuliwa, yeye huanza kuimba. Jirani alimpenda kwa kuimba huko kuliko kwa pasi zake zote. Vikombe vilivyoletwa na makotabeki wa baadaye, kina Staubach na Aikman, alivitaja kwa heshima, lakini bila mapenzi.

Upande wa siasa marehemu wake alikuwa Ann Richards, gavana mwenye nywele nyeupe zilizosimama wima na ulimi uliokata pande zote mbili. Aliingia madarakani Januari 1991, akaangushwa na George W. Bush mwaka 1994, akafariki Septemba 2006. Tangu uchaguzi ule wa 1994 hakuna Mdemokrati aliyeshinda kiti chochote kinachopigiwa kura na jimbo zima. Stika ya kampeni yake ilikuwa bado kwenye friji ya jirani. Mimi nilidhani ni uchama, mpaka siku aliponiambia kwamba mama yule alikiri hadharani kuwa aliwahi kuwa mlevi, akatibiwa, na alipopata ugavana akapeleka tiba ya ulevi na dawa za kulevya magerezani. Jirani naye alikuwa ameacha pombe. Hakusema zaidi, nami sikuchimba.

Sasa Pantera. Bendi ya Arlington, mwendo wa saa moja kutoka kwetu barabara ikiwa haina foleni, ya ndugu wawili, mmoja gitaa na mwingine ngoma. Tarehe 8 Desemba 2004 Dimebag alipigwa risasi jukwaani huko Columbus, Ohio, akipiga na bendi yake mpya. Wengine watatu waliuawa kabla polisi hajamwangusha muuaji. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Arlington ndani ya jeneza lenye picha za bendi ya Kiss, na Eddie Van Halen akamwekea gitaa lake mwenyewe mle ndani. Kwetu sisi, ambao maiti huondoka na sanda basi, habari hii ingemfanya marehemu baba aombe maji ya kunywa. Lakini kuna wimbo wa Pantera uitwao Cemetery Gates ambao mwishoni sauti na gitaa vinafukuzana juu, juu zaidi, mpaka husikii tena lipi koo na lipi waya. Nimesikia kilio cha aina hiyo uani kwetu, shangazi mmoja akianza na mwingine akimpokea. Kuanzia hapo sikugonga tena ukuta jirani alipoupiga kwa sauti.

Februari 2021 barafu ilipoizima Texas, tulikaa ndani ya gari lake nje uwanjani, hita inawaka, Pantera wanapiga kelele, naye ananieleza jinsi jimbo lilivyojitenga na gridi za majimbo mengine ili Washington isiweke mkono kwenye umeme wake. Nyumba zaidi ya milioni nne zilikuwa gizani. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246. Alisema Ann angekuja televisheni usiku uleule. Labda. Marehemu huwa hawakosei.

Desemba 2010 tulikuwa tumefiwa wote wawili. Siku nane baada ya Meredith, Remmy naye akaenda. Jirani alikuja kwangu, akataka kumsikia, nikampigia wimbo wake, Kifo. Hakuelewa hata neno moja, akaomba urudiwe. Nikamwambia kwamba mzaliwa huyu wa Kindu, Kongo, ana kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Akasema hicho ni kikubwa kuliko sanamu.

Jirani alifariki 2022. Ilisomwa ibada fupi, ikakatwa keki, watu wakatafuta funguo za magari. Kwetu kila anayeingia msibani huuliza ilikuwaje, na mfiwa huanza upya: aliamka vizuri, akaomba chai. Akishaisimulia kwa mtu wa arobaini, habari imelainika, inashikika. Hapa hakuna aliyeniuliza. Na kwa haki, ningekuwa nani? Jirani tu. Kwa hiyo nashika tarehe zake, nazungumza naye kwa mazungumzo yaleyale matatu, na moja bado hatujalimaliza. Januari 2007, huko Seattle, Cowboys walihitaji teke fupi tu wapite mbele, na kotabeki Tony Romo ndiye aliyepaswa kuuweka mpira chini upigwe, ukamponyoka. Wakatoka, 21 kwa 20. Jirani alimtetea hadi hospitalini: mpira ulikuwa mpya, unateleza. Mimi nasema golikipa wa Simba akidondosha mpira vile, hata mama yake mzazi hamtetei.