Cha Kuazima Hakisitiri Maungo

Alfajiri ya siku ya kazi mjini Maseru, kabla jua halijachomoza, barabara ziendazo eneo la viwanda la Thetsane hujaa wanawake. Wamejifunga mablanketi mabegani, kwani baridi ya nyanda za juu haina huruma. Wenye ajira hupita langoni. Wasio nayo husimama nje ya ukuta wakingoja msimamizi atoke na kuashiria kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Lango likishafungwa, waliobaki hurejea kwao kwa miguu kama walivyokuja, wakijiliwaza kwamba kesho nayo ni siku.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Yamkini hakuna nchi iliyoiamini kauli hii kwa moyo mkunjufu kuliko Lesotho. Ni nchi ndogo yenye kilomita za mraba zipatazo 30,000, iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Haina bandari, ardhi yake ya kulima ni haba, na kwa miongo mingi bidhaa yake kuu ilikuwa jasho la wanaume wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wasotho zaidi ya 100,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya jirani huyo. Katika miaka ya 1990 migodi ikaanza kuwaachisha kazi kwa maelfu. Wakarudi nyumbani, wengine na vifua vilivyoharibiwa na vumbi, na swali likawa moja: watoto watakula nini?

Jibu lilikuja kwa sauti ya cherehani. Shirika la Taifa la Maendeleo la Lesotho, lililoundwa mwaka wa 1967, lilijenga majumba ya viwanda na kuwakodishia wageni. Kodi ya faida ikalegezwa. Katika miaka ya 1980 wakaja wenye mitaji kutoka Taiwani, baadhi yao wakiihama Afrika Kusini iliyokuwa imewekewa vikwazo kwa ajili ya siasa za ubaguzi wa rangi. Shati lililoshonwa ng'ambo ya mto Mohokare, upande wa Lesotho, liliweza kuuzwa Ulaya na Marekani bila kizuizi hicho. Kisha, mwaka wa 2000, Marekani ikapitisha sheria ya AGOA. Lesotho, kwa kuwa imo katika kundi la nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, iliruhusiwa kuagiza kitambaa kutoka Asia, kukishona, na kuingiza nguo hizo Marekani bila ushuru. Kufikia 2004 viwanda hivyo vilikuwa vimeajiri watu zaidi ya 50,000, idadi iliyowapiku hata watumishi wa serikali. Walio wengi walikuwa wanawake.

Si haki kuibeza kazi hiyo. Ni kweli kwamba mshahara wake ni mdogo, na kwamba mtu anaweza kushona mfuko wa nyuma wa suruali kutwa nzima, mwezi baada ya mwezi, asiwahi kuishona suruali kamili. Hata hivyo, mshahara huo ndio uliolipa karo na kununua unga katika nyumba ambazo baba alirudi mikono mitupu kutoka mgodini. Aidha, ulimpa mama kauli ambayo hakuwa nayo. Anayewaambia wanawake wa Thetsane kwamba wananyonywa husema kweli, lakini asipowaonyesha mlango mwingine wa kubisha huwa amesema nusu ya kweli.

Nusu ya pili imo katika neno lenyewe. Mwekezaji ametokana na kitenzi weka, na kilichowekwa chaweza kuondolewa. Tarehe 1 Januari 2005 mfumo wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti kiasi cha nguo ambacho China na nchi nyingine za Asia zingeweza kuuza katika masoko ya Magharibi ulifikia kikomo. Wakati uo huo, sarafu ya loti, ambayo thamani yake imefungwa kwa randi, ilikuwa imepanda mno. Mwishoni mwa 2001 dola moja ilivuka randi 12; mwishoni mwa 2004 haikufika randi 6. Mwenye kiwanda alilipwa kwa dola na kulipa mishahara kwa maloti, hivyo shati lile lile likamletea nusu ya alichozoea kupata. Baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka huo, viwanda kadhaa havikufunguliwa tena. Wafanyakazi walirudi kutoka likizo wakakuta malango yamefungwa. Mgeni alikuwa ameondoka bila kuaga.

Kama kwamba funzo hilo halikutosha, mwaka wa 2025 ulileta jingine. Mwezi wa Machi Rais Donald Trump aliliambia bunge la Marekani kwamba Lesotho ni nchi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Aprili 2 akaitangazia ushuru wa asilimia 50. Kosa la Lesotho lilikuwa kuiuzia Marekani kingi na kununua kidogo kutoka kwake, yaani kutenda kile hasa ambacho mwaliko wa 2000 uliitaka itende. Mwezi wa Julai serikali ya Maseru ilitangaza hali ya janga kwa sababu ya ukosefu wa ajira. Ushuru ulipopunguzwa hadi asilimia 15, oda nyingi zilikuwa zimekwisha kusitishwa, na wanawake waliokuwa ndani ya lango walikuwa wamejiunga na wale wa nje.

Upo ukinzani mmoja unaochoma zaidi ya takwimu. Blanketi la Kisotho, vazi ambalo mtu huvishwa katika nyakati kuu za maisha yake na linalomtambulisha popote aendapo, kwa muda mrefu limefumwa nje ya Lesotho: hapo kale Uingereza, baadaye Afrika Kusini. Taifa linaloshona jinzi za kuwavisha Wamarekani hununua kwa jirani vazi la kujivika lenyewe. Waswahili wa pwani hawana sababu ya kucheka, kwani kanga zao nazo kwa miaka mingi zilipigwa chapa Ulaya, Japani na Uhindi. Cha kuazima hakisitiri maungo, na soko la kuazima halitofautiani na nguo ya kuazima: mwenyewe akilidai, aliyelivaa hubaki uchi hadharani.

Je, mgeni afukuzwe? La hasha. Wahenga wale wale walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mataifa mengi yanayoendelea huikariri methali ya kwanza na kuisahau hii ya pili. Nchini Kenya, Sheria ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, ya mwaka wa 1990, iliwapa wawekezaji wa Athi River na kwingineko msamaha wa kodi wa miaka kumi. Hiyo ni siku ya kwanza na ya pili ya ugeni. Mauritius, iliyopitisha sheria kama hiyo mwaka wa 1970, ilikwenda mbele zaidi: wenyeji waliotajirika kwa miwa waliingiza mitaji yao wenyewe katika nguo, wakajifunza biashara hiyo kando ya wageni kutoka Hong Kong. Hata Lesotho kwenyewe, kampuni ya Kitaiwani iliyojenga kiwanda cha kufuma kitambaa cha jinzi mwaka wa 2004 ilikuwa ingali ipo miaka mingi baada ya wenye cherehani tupu kutoweka. Cherehani hupakiwa kwenye kontena kwa siku chache, lakini kiwanda cha kufumia hakihamishiki kwa urahisi. Vivyo hivyo, baadhi ya viwanda vya Maputsoe hushonea maduka ya Afrika Kusini, soko ambalo halifungwi kwa saini ya mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Jembe, basi, ni kumtaka mgeni afume hapa badala ya kushona tu, amfundishe mwenyeji kusimamia na kubuni, anunue kwa mwenyeji, na aweke akiba ya kuwalipa wafanyakazi siku atakapoondoka. Serikali inayoogopa kuyadai haya isije mgeni akaudhika hushindana na jirani zake katika kujirahisisha, na mashindano hayo hayana mshindi.

Kesho alfajiri wanawake wa Thetsane watasimama tena langoni, mablanketi mabegani. Wataomba kazi. Waliowaalika wageni ndio waliopaswa kuuliza, kabla ya karamu, ni nani atakayelilisha boma mgeni akienda zake.