Kadi za Mwalimu

Chuma kilichokaa baharini kina chumvi hadi ndani. Ukikitoa na kukiacha kikauke, hupasuka na kubanduka vipande vipande. Ndiyo maana katika maabara ya pwani nilikojifunza kazi ya uhifadhi, tulikiloweka kwenye maji yenye sodiamu haidroksaidi, tukapima kloraidi iliyotoka, tukamwaga maji, tukaanza tena. Kazi ya miezi, pengine miaka. Kila kipimo kiliandikwa kwenye kadi ngumu: namba ya kitu, tarehe, dawa iliyotumika, aliyeitumia, na pembeni mchoro wa penseli ukionyesha ufa ulipo.

Nilizipenda kadi zile. Mzee aliyetufundisha, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alichora vizuri mno, na alipokuwa na shaka aliweka alama ya kuuliza. Lakini kadi ilijibu swali moja tu: kitu hiki kimefanyiwa nini? Ukitaka kujua ni vitu gani vyote vilivyopakwa gundi ya aina fulani, ilikubidi upekue makabati kutwa nzima, na kadi za zamani zilikuwa zimeliwa na wadudu.

Swali hilo la pili ni zito. Meli ya Vasa ya Uswidi ilizama mwaka 1628, ikaibuliwa 1961, na mbao zake zikanyunyiziwa nta iyeyukayo katika maji, iitwayo PEG, kuanzia 1962 hadi 1979. Kiangazi cha mwaka 2000 mvua ilinyesha sana, na chumvi zenye asidi zikajitokeza juu ya mbao. Anayekabiliwa na tatizo kama hilo anahitaji kujua nini kilipakwa, lini na wapi, na waliopaka huenda wamestaafu zamani.

Kompyuta ilipoingia maabarani kwetu, tulidhani shida itakuwa kuchapa. Shida ilikuwa majina. Mmoja aliandika “Paraloid”, mwingine “B-72”, wa tatu “gundi ya akriliki”, wote wakimaanisha gundi ileile tunayoiyeyusha kwa asetoni. Mtu huelewa, kompyuta ilihesabu gundi tatu. Tukaketi, tukabishana, tukatunga orodha moja ya majina ambayo kila mtu angeifuata. Kwangu mimi, hifadhidata yetu ilizaliwa siku ile, si siku programu ilipowekwa.

Ulimwenguni nako wenzetu walikuwa wakihangaika na jambo hilohilo. CIDOC CRM, mfumo wa pamoja wa kupanga taarifa za makumbusho, ulikubaliwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2006. Mwaka 2013 Getty Conservation Institute na World Monuments Fund walitoa Arches, programu huria ya kuorodhesha majengo na maeneo ya kale. Haina ada ya leseni, na kwa taasisi zenye bajeti kama zetu huo ni mlango uliofunguliwa.

Leo kijana wa maabara hubofya mara moja akaona grafu ya kloraidi ya mzinga tangu ulipolowekwa. Nafurahi kila ninapoiona. Ila visanduku vya kujazwa hudai jibu kamili, na ile alama ya kuuliza ya Mwalimu haina kisanduku. Tulipigania pawepo nafasi ya maelezo huru, tukaipata.

Ninyi mnaohamishia kumbukumbu zenu kwenye kompyuta, tafadhali msichome kadi. Zipigeni picha, ziunganisheni na rekodi ya kila kitu, kisha zirudisheni kabatini. Na nakala ya hifadhidata iwekeni nje ya jengo.