Niliwaambia Haina Sumu

Niliwaambia watu rezini yangu haina sumu. Niliwaambia wateja walionunua vidani na sinia, niliwaambia mabinti waliokuja kujifunza nyumbani kwangu hapa Tanga, na nilimwambia wifi yangu alipouliza kama ni sawa bintiye kunisaidia wakati wa likizo. Sikudanganywa na mtu. Nilisoma maneno mawili kwenye chupa, nikayapenda, nikaacha kusoma yaliyobaki.

Mwanzoni nilikuwa mwoga, tena mwoga wa kupindukia. Rezini iliyo rahisi kupatikana kwetu ni poliesta, ile ya mafundi wa faiba wanaotengeneza boti, matangi na bampa za magari. Nilikwenda kuiona kwenye karakana moja. Harufu yake ilinipokea kabla sijafika getini, ikanikaa kooni mpaka usiku. Ni mvuke wa stirini. Fundi akanionyesha na kigumishaji chake, peroksaidi iliyo katika kichupa kidogo, inayotiwa kama asilimia 1 au 2 tu ya rezini. Akanieleza kwamba tone lake likiingia jichoni linaweza kukupofusha, na kwamba haifai kabisa kukutana moja kwa moja na ile dawa ya zambarau, kobalti, inayoharakisha kuganda, kwa sababu vikikutana peke yake hulipuka. Yule fundi alikuwa mwalimu mzuri. Nilitoka pale nimeapa kwamba poliesta haiingii nyumbani kwangu.

Nikachagua epoksi. Inauzwa kwa chupa mbili, A na B, na ukiifungua unasikia kijiharufu tu. Uamuzi wenyewe hadi leo sioni kama ulikuwa mbaya kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani. Sababu niliyoutolea ndiyo iliyokuwa mbovu. Nilichagua kwa pua, na kwa kuwa pua haikulalamika, nikaona hakuna cha kujikinga nacho.

Nisichokijua wakati ule ni hiki. Chupa A ina rezini yenyewe, chupa B ina kemikali za jamii ya amini. Zikiwa bado mbichi, zote mbili zinaweza kuufundisha mwili kuzikataa, na ile B huchoma ngozi juu ya hilo. Hazinuki sana kwa sababu katika joto la kawaida mvuke wake ni mdogo, lakini njia yake kubwa ya kumwingia mtu ni ngozi: tone kwenye kidole, utelezi uliobaki kwenye kifuniko, mkono ulioshika chupa kisha ukakuna shavu. Unaweza kugusa miezi mingi usione lolote. Mwili ukishaanza kukataa, hata kiasi kidogo huleta upele, na hakuna dawa ya kuufanya urudi ulivyokuwa.

Na mimi nilipaswa kulijua hilo kuliko wengine, maana ni sawasawa na piko. Nani aliyekulia Pwani asiyemjua bibi harusi aliyepakwa piko miaka na miaka bila tatizo, halafu harusi moja mikono ikamvimba, na tangu hapo hata rangi ya nywele haigusi? Kemikali iliyomo kwenye piko ni nyingine, ila mwili unafanya jambo lile lile. Nilimwonya kila binti wa ukoo wetu juu ya piko, kisha nikaenda barazani kwangu kushika epoksi kwa mikono mitupu.

Si mitupu kabisa, nisijisingizie. Nilikuwa na glavu zile nyembamba zinazokuja ndani ya boksi la rangi ya nywele. Nilizivaa, nikazivua, nikazigeuza, nikazivaa tena kesho yake, ili zisipotee bure. Barakoa yangu ilikuwa ya kitambaa, iliyobaki tangu wakati wa Korona. Miwani ya kinga sikuwa nayo. Wakati huo huo nilikuwa na gilita za rangi zote, kalibu za silikoni za herufi zote, unga wa lulu, na maua ya mlangilangi niliyoyakausha mwenyewe. Nikitazama nyuma naona pesa ilikuwepo. Ilikwenda kwenye vile vinavyopendeza kwenye picha.

Mikono ikinata niliisafisha kwa thina. Hili ndilo linalonitia aibu zaidi, kwa sababu hata nusu saa ya kusoma ingetosha kuniokoa. Thina na asetoni huifanya rezini iwe nyepesi, zikaondoa mafuta ya ngozi, zikaisaidia ile rezini kupenya. Nilikuwa naisukuma ndani kwa mkono wangu mwenyewe, halafu najisifu kwamba mimi ni msafi. Kinachotakiwa ni kufuta kwa karatasi kavu, kisha maji na sabuni, basi. Tena asetoni hupita kwenye glavu za nitrili ndani ya dakika chache, kwa hiyo hata aliyevaa glavu asijidai nayo.

Madirisha niliyafunga. Wamiminaji wengi wa nyumbani watanielewa: hutaki vumbi lishuke juu ya kazi mbichi, hutaki mbu atue akaganda humo milele. Nilikuwa nimewasha feni ya juu, ambayo ilichokifanya ni kuzungusha hewa ile ile. Feni inayosaidia ni ya dirishani, imeelekezwa nje, wewe umekaa upande hewa safi inakoingilia, na kazi iliyokwisha kumiminwa unaifunika kwa beseni.

Mzigo uliofuata niliununua wa kupimiwa. Ulikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, umetiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, moja imeandikwa A kwa kalamu na nyingine B. Chupa za maji, katika nyumba yenye watoto! Hapo nilipoteza hata yale maelezo machache niliyokuwa nimeyapuuza. Chupa halali ya kigumishaji huwa na alama zenye mpaka mwekundu: mkono unaoliwa na tindikali, alama ya mshangao, samaki aliyekufa kando ya mti. Alama ya mshangao, katika mfumo huo wa kimataifa, ndiyo inayotumika pia kuonya kwamba kitu kinaweza kuleta mzio wa ngozi. Mimi niliidhani ni ya kusema uwe mwangalifu tu kwa jumla.

Na yale maneno niliyoyapenda, kwamba haina sumu? Mara nyingi yanazungumzia kitu kilichokwisha kuganda, si kilichomo chupani. Chupa nyingine huandikwa ASTM D-4236, nami nikaichukulia kuwa cheti. Ni kanuni ya Marekani kuhusu namna ya kuandika lebo za vifaa vya sanaa juu ya madhara ya muda mrefu. Kifaa chenye onyo kali kinaweza kuandikwa hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye mizani, maana kosa la kupima linaonekana kama la ufundi tu na kumbe ni la usalama. Rezini yangu ilikuwa ya uwiano wa 2 kwa 1 kwa ujazo. Mimi nilipima kwa mizani ya jikoni: gramu 100 za A, gramu 50 za B. Lakini A ni nzito kuliko B. Kwa epoksi nyingi, 2 kwa 1 kwa ujazo inakaribia gramu 100 kwa 40 na kidogo. Kwa hiyo kila mara nilizidisha kigumishaji. Nilipoona kazi inanata, nikakiongeza tena, nikidhani nitaiharakisha. Epoksi haiendi hivyo. Kigumishaji kilichozidi hakipati mwenza wa kuungana naye, kinabaki humo kikiwa kibichi, tayari kumgusa atakayevaa kidani hicho.

Siku nyingine nilitaka kizito: kipande cha mwembe ndani ya bonge nene la bluu. Nilitumia epoksi ile ya kupaka juu ya meza, inayotakiwa kumiminwa tabaka jembamba, nikaikoroga nyingi ndani ya ndoo ya plastiki na kuiacha humo nikitafuta rangi. Epoksi inapoganda hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kwenda. Muda wa kazi ulioandikwa kwenye chupa kwa kawaida ni wa nyuzi 20 na kitu. Kila nyuzi 10 zikiongezeka muda huo unapungua karibu nusu, na Tanga mwezi wa Februari haina habari na maabara ya mtu. Ndoo ililegea, ikaanza kutoa moshi mweupe wenye kuchoma macho. Hapo ndipo pua yangu ilipolalamika kwa mara ya kwanza. Niliipeleka nje, nikafungua madirisha, na jioni ile ile nikaendelea.

Binti wa kaka yangu ndiye aliyekuwa anapiga msasa. Kazi yangu ilikuwa ngumu kwa kuigusa baada ya saa 24, nikaona imeiva. Epoksi nyingi huhitaji kama siku 7 kuganda kikamilifu, na yangu, kwa vipimo vile, huenda isingeganda kikamilifu hata mwaka. Alikuwa anasugua vumbi la rezini mbichi, akavua barakoa kwa sababu ya joto, akajifuta jasho kwa mkono ule ule.

“Shangazi, macho yananiwasha.”

“Gilita hiyo. Kanawe.”

Alinawa, akarudi kuendelea. Aliniambia tena kesho yake, na siku iliyofuata hakuniambia, nadhani kwa heshima. Kope zilipomvimba hadi jicho moja likawa halifunguki ndipo nilipompeleka hospitali. Mimi mwenyewe nilikuwa na ukurutu katikati ya vidole niliokuwa nauita joto, kisha sabuni, kisha uzee.

Daktari wa ngozi alitubandika viraka mgongoni vyenye kemikali mbalimbali, vikakaa siku 2, tukarudi kusomwa. Epoksi ilijibu kwetu wote wawili. Alituambia tuachane nayo, na akaongeza lisilonijia akilini: gundi ile ya mirija miwili inayouzwa kila duka la vifaa nayo ni epoksi, na rangi kadhaa za sakafu pia. Binti ana miaka 16. Anataka kusomea uhandisi. Atakutana na epoksi maisha yake yote, na kila atakapokutana nayo atakuwa na sababu ya kunikumbuka.

Wifi yangu hakunilaumu, jambo ambalo ni zito kuliko kulaumiwa. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Mkaguzi hafiki barazani. Barazani kwangu mwajiri nilikuwa mimi.

Wanaoniuliza sasa wanunue nini, nawajibu hivi. Kwa epoksi anza na glavu: za nitrili, si mpira wa kawaida, zinazofunika hadi juu ya mkono wa shati, na ikidondokewa tu unavua na kutupa. Kisha miwani inayoziba pembeni. Barakoa ya kitambaa haikufai kitu. N95 inafaa kwa vumbi la msasa, ila mvuke unapita humo bila salamu. Ya mvuke ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa pembeni. Vya viwango vya Ulaya vina mstari wa kahawia kwa mvuke na mweupe kwa vumbi, na vya Marekani hutumia nyeusi na zambarau iliyokolea. Ziba vichujio kwa viganja uvute pumzi: ikinyonya usoni, imekaa. Mwenye ndevu haitamkaa. Na dada zangu, ukingo wake ukae juu ya ngozi, ushungi uje baadaye. Nimeona wengi wanaivaa juu ya kitambaa, hewa ikaingia kando. Ukimaliza, ifungie ndani ya mfuko, kwa sababu mkaa unaendelea kunasa hewa ya chumbani hata ukiwa umelala. Msasa uwe wa maji.

Nilifikiria kuhamia rezini ya taa, ile inayogandishwa kwa mwanga. Daktari alinikatisha: hiyo ni jamii moja na jeli za kucha za saluni, nayo ina mzio wake, na hupenya glavu nyembamba upesi sana. Poliurethani sikuigusa, ina isosianeti, ambazo zinaweza kumwachia mtu pumu, na unyevu wa Pwani unaijaza mapovu vilevile. Kalibu zangu ziko ndani ya sanduku. Sijampa mtu.

Nyinyi niliowafundisha, na mnajijua: nilichowaambia kuhusu sumu hakikuwa kweli. Kama vidole, shingo au kope zinakuwasha, acha kumimina leo, usingoje kumaliza oda. Nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na chupa zako au picha ya lebo, umtajie epoksi kwa jina. Na kama bado una kidani ulichonunua kwangu na kinanata ukikishika, usikivae, kirudishe, nitakulipa.